Oberhausen, mji wa makaa ya mawe unaofungulia mlango filamu fupi za ajabu, zetu pia

Mwaka wa 2019, filamu ya dakika 15 iliyopigwa katika mitaa ya Kinshasa ilipata moja ya zawadi kubwa za mashindano ya kimataifa huko Oberhausen, mji wa viwanda ulio magharibi ya Ujerumani. Filamu hiyo inaitwa Zombies. Aliyeitengeneza ni Baloji, mwanamuziki aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo na kukomalia Liège. Jina lake, kwa masikio ya watu wa Katanga, halihitaji mkalimani: ni la wale wanaoitwa balozi, na hapa hatusemi wale wanaowakilisha serikali ngambo.

Kuieleza Zombies kwa mtu ambaye hajaiona si kazi nyepesi. Inaanzia saluni ya nywele na vijana wanaocheza ngoma nyuso zao zikimulikwa na mwanga wa telefone, kila mmoja akijitazama mwenyewe. Kisha inatoka barabarani, kwenye msafara wa mkubwa mmoja anayefanya kampeni, na watu waliovaa nguo zilizoshonwa kwa takataka za mji: plastiki, waya, makopo. Hakuna shujaa na hakuna adui. Hakuna mwisho unaofunga hadithi. Kuna muziki, miili, rangi, na swali linalobaki kichwani kuhusu hiki chombo tunachokibeba mfukoni kutwa nzima.

Aliyezoea filamu za Nigeria au zile za kupigana anaweza kuuliza: sasa hadithi iko wapi? Swali ni la haki. Lakini kuna mji mmoja duniani ambao kwa miaka 70 umekuwa ukikusanya filamu za namna hii hasa, fupi na zisizofuata njia ya kawaida, na historia ya mji huo inatuhusu kuliko mtu anavyoweza kuwaza.

Oberhausen si Cannes. Hakuna bahari, hakuna hoteli za mabilionea. Ni mji wa watu karibu 210 000 katika bonde la Ruhr, uliojengwa na makaa ya mawe na chuma. Kiwanda cha kwanza cha chuma cha eneo lile kilifunguliwa pale mwaka wa 1758. Leo mitambo mingi imenyamaza. Tanki kubwa la gesi la mwaka wa 1929, lenye urefu wa mita 117, limegeuzwa kuwa nyumba ya maonyesho. Mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma pamejengwa maduka makubwa. Mgodi wa mwisho wa makaa ya mawe katika Ruhr, ulio Bottrop, mji wa jirani, ulifungwa Desemba 2018. Mtu wa Likasi au Kipushi angeutambua mji huu mara moja: njia za reli, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja, na wazee wanaohesabu miaka kufuatana na kampuni waliyoitumikia.

Katika mji huo, mwaka wa 1954, mtu mmoja aitwaye Hilmar Hoffmann, aliyekuwa akiongoza shule ya jioni ya watu wazima, alianzisha siku chache za kuonyesha filamu fupi. Hilo ni jambo la kushika: festivali hiyo haikuzaliwa katika wizara ya mji mkuu. Ilizaliwa katika ofisi ya mji wa wachimbaji, mahali ambapo mfanyakazi alikuja jioni kujifunza kusoma hesabu au lugha ya kigeni.

Ujerumani wakati ule ilikuwa imekatwa vipande viwili, na Ulaya vilevile. Tangu mwaka wa 1958 festivali ilichukua usemi wake, njia ya kumfikia jirani, na jirani aliyekusudiwa alikuwa mtu wa upande wa pili wa mpaka. Filamu za Poland, Chekoslovakia na Yugoslavia, ambazo hazikupata nafasi kwa urahisi katika sinema za magharibi, zilionekana Oberhausen. Serikali ya Bonn haikufurahi siku zote. Wengine waliuita mji huo mwekundu.

Kwa nini filamu fupi? Sababu moja ni ya biashara. Filamu ya dakika 10 haiuziki peke yake. Hakuna mtu atakayelipa tiketi, apande basi, kisha atoke baada ya dakika 10. Wakati ule, katika Ujerumani ya magharibi, filamu fupi iliishi kwa kubebwa mgongoni na filamu ndefu: ilionyeshwa kabla yake. Tume ya serikali iliitazama, na kama iliipa cheti cha kuwa yenye thamani, au yenye thamani ya pekee, mwenye sinema alipunguziwa kodi. Ndiyo maana wenye sinema waliitafuta. Lakini ndiyo maana pia watengenezaji wengi walipiga picha za maua, makanisa ya zamani na milima, vitu ambavyo tume haiwezi kuvikasirikia. Aliyetaka kufanya kitu kingine alihitaji mahali pengine. Oberhausen ilikuwa mahali hapo.

Tarehe 28 Februari 1962, wakati wa festivali ya nane, vijana 26 walisimama mbele ya waandishi wa habari na kusoma tamko fupi. Walisema sinema ya zamani ya nchi yao imekufa, na kwamba wao wako tayari kutengeneza nyingine, bila kuamriwa na wafanyabiashara wala vikundi vya wenye masilahi. Ushahidi wao ulikuwa nini? Filamu fupi. Walisema: tazameni zawadi ambazo filamu zetu fupi zimepata katika nchi za kigeni, hapo mtajua tunaweza. Kati yao walikuwa Alexander Kluge na Edgar Reitz, ambao baadaye walijulikana dunia nzima. Wote 26 walikuwa wanaume, na wanawake wa kizazi kile hawakuchelewa kulisema. Miaka mitatu nyuma, mfuko wa kusaidia filamu za kwanza za vijana uliundwa. Tamko la ukurasa mmoja lilizaa pesa na sheria. Hilo halitokei kila siku.

Ila uhuru wa festivali unaolipiwa na mji una mipaka yake, na mwaka wa 1968 mipaka hiyo ilionekana. Hellmuth Costard alileta filamu ya kuchekesha na kuudhi, aliyoipa kwa makusudi jina la kile cheti cha serikali, Besonders wertvoll, yaani yenye thamani ya pekee. Ndani yake sheria mpya ya kusaidia sinema, ambayo ilikuwa na kifungu cha kulinda maadili, inasomwa na kiungo cha mwanamume. Samahani kwa wasomaji wenye heshima zao, lakini ndivyo ilivyo. Mwendesha mashtaka akaingia kati, viongozi wa festivali wakaiondoa filamu kwenye programu. Kilichofuata ndicho kilichoandikwa katika historia: sehemu kubwa ya watengenezaji Wajerumani waliondoa filamu zao pia, na programu ya taifa ikavunjika. Filamu ya Costard ikaenda kuonyeshwa chuo kikuu cha Bochum, si mbali na hapo.

Sisi tunaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Septemba 2015, serikali ya Kinshasa ilikataza kuonyeshwa kwa filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman kuhusu kazi ya daktari Denis Mukwege huko Panzi, Bukavu. Katazo lilikuja kuondolewa mwezi uliofuata baada ya kelele za ndani na za nje. Tofauti ni kwamba kwetu hapakuwa na festivali ambayo watengenezaji wangeweza kuivunja kwa pamoja ili kuonyesha hasira yao. Kususia kunahitaji kwanza kuwe na meza ya kuondoka.

Na meza ya Oberhausen bado inatikisika. Mwishoni mwa 2023, baada ya mashambulizi ya Hamas tarehe 7 Oktoba na vita vya Gaza, maneno ambayo mkurugenzi wa wakati huo aliyaandika kwenye ukurasa wa Facebook wa festivali yaliwagawa watu wa sinema. Wengi walitia sahihi barua ya kupinga, na baadhi waliondoa filamu zao au kukataa kuja. Mkurugenzi huyo ameshaondoka. Waliobaki wana kazi ya kurudisha uaminifu, na uaminifu wa watengenezaji ndio mtaji pekee wa festivali ya filamu ambazo haziingizi pesa.

Filamu zinaonyeshwa Lichtburg, sinema ya katikati ya mji ambayo jina lake maana yake ni ngome ya mwanga. Kila mwaka, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, kwa siku chache tu, kumbi zake zinajaa. Filamu tano au sita zinafungwa pamoja katika programu moja, mtazamaji anakaa kwa saa moja na nusu, kisha taa zinawaka na watengenezaji wanaulizwa maswali mbele ya watu. Tangu 1999 kuna pia zawadi kwa ajili ya video za muziki, zawadi ya kwanza ya namna hiyo katika festivali ya filamu. Na Mei 2020, korona ilipofunga sinema, Oberhausen ilihamisha festivali yote kwenye intaneti, kati ya zile za kwanza Ujerumani, na sehemu ya intaneti ikabaki hata baada ya milango kufunguliwa. Kwa mtu wa Butembo au Uvira hiyo ni habari njema, mradi awe na pesa ya kununua mega na umeme usikatike katikati.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu Baloji si peke yake, na wengine hawakutoka Ubelgiji.

Kiripi Katembe Siku alizaliwa Goma mwaka wa 1979. Wengi wanamjua kwa picha zake za Kinshasa alizozipiga ndani ya madimbwi ya maji ya mvua, kisha akazigeuza juu chini. Lakini mwaka wa 2008 alifanya filamu fupi iitwayo Voiture en carton, ambayo ni somo zima la sinema ndani ya dakika chache. Aliweka telefone juu ya gari ya kartoni, ile ambayo watoto wetu wanaitengeneza wenyewe, na msichana mdogo akaivuta kwa kamba barabarani. Hiyo ndiyo kamera. Tunaiona Kinshasa kutoka chini, kwa urefu wa kifundo cha mguu: viatu, mashimo ya barabara, magurudumu ya magari ya kweli yanayopita karibu mno. Hakuna anayesimama mbele kujieleza. Mtu asiye na ruhusa ya kupiga picha mjini, na kila aliyejaribu kupiga picha Kinshasa anajua askari anavyokuja mbio, alipata njia ya kupita katikati ya wote bila kuulizwa. Miaka miwili baadaye alishiriki katika Congo in Four Acts, mkusanyiko wa filamu fupi nne za vijana Wakongo, akiwemo Dieudo Hamadi wa Kisangani. Sehemu moja ya Katembe ilikuwa juu ya Kipushi na kile ambacho mgodi umewaachia wakaaji. Alifariki Kinshasa mwaka wa 2015, akiwa na miaka 36.

Huko Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim walitengeneza Machini, filamu ya dakika 10 iliyotoka mwaka wa 2019. Kichwa kinajieleza kwa kila Mkatanga. Watu wa filamu hii ni mawe madogo yaliyookotwa, yakisogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja baada ya nyingine, pamoja na michoro ya chaki. Anayejua kazi ya namna hii anajua mateso yake: sekunde moja ya filamu inaweza kula picha 12 au zaidi, na mkono ukitikisika, mnarudia. Mawe yanatoka nyumbani, yanaenda kazini, yanapumua moshi, yanageuka kuwa sehemu ya mashine. Ni hadithi ya migodi ya Katanga iliyosimuliwa na mawe yenyewe, na sijaona ripoti ya shirika lolote iliyolisema jambo hilo kwa nguvu kama hiyo. Wawili hao walijifunza kazi wenyewe, bila shule ya sinema.

Naye Nelson Makengo, wa Kinshasa, alifanya Nuit debout, filamu ya dakika 20 kuhusu mtaa uliokosa umeme. Aliigawa picha kuwa tatu, zikienda sambamba, na ndani ya giza tunaona tochi za telefone, taa za Kichina, jenereta, na mazungumzo ya watu wanaochanga pesa. Nchi yenye Inga, watu wake wakitafuta mwanga kwa mikono. Filamu hiyo ilipata zawadi ya filamu fupi bora ya ukweli katika festivali ya IDFA, Amsterdam, mwaka wa 2019. Makengo alipoendelea na jambo hilohilo katika filamu ndefu, Tongo Saa, ilifika Berlin mwaka wa 2024.

Kitu kimoja kinaziunganisha filamu hizi, na si ufundi tu wa kuvutia Wazungu, kama wengine wanavyodai. Ni kwamba umbo lake limetoka ndani ya hali yetu. Gari ya kartoni, mawe ya kuokota, giza la mtaa: aliyekosa vyombo amefanya ukosefu wenyewe kuwa chombo. Filamu ndefu ya kawaida inadai waigizaji, magari, chakula cha watu 40, na umeme wa wiki sita. Filamu fupi ya ajabu inadai wazo na uvumilivu.

Na tukumbuke filamu fupi ilitufikiaje kwa mara ya kwanza. Katika miaka ya 1950, wakati Hoffmann alipokuwa akianza kazi yake Oberhausen, Wakongo walionyeshwa filamu zilizochaguliwa kwa ajili yao na utawala wa Kibelgiji na mapadri, chini ya nyota, kwenye shuka lililotundikwa. Wazee wa Kasai bado wanakumbuka Matamata na Pilipili, vichekesho vya padri Albert Van Haelst. Watu walicheka sana, lakini mwisho wa kicheko daima palikuwa na somo: namna ya kuishi, namna ya kutii. Mawe ya Machini hayamfundishi mtu adabu.

Tatizo liko kwingine. Zombies ilizawadiwa Oberhausen, Nuit debout Amsterdam. Je, mkaaji wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, aliiona Machini wapi? Sinema nyingi za zamani za miji yetu zimekuwa makanisa au depo. Nyumba za video zinaonyesha mpira na filamu za vita. Mtengenezaji akialikwa Ulaya, viza mara nyingi anaitafutia Kinshasa, na kwa mtu wa Kivu safari hiyo peke yake ni bei ya filamu nyingine. Faili la filamu linasafiri kwa dakika chache kwenye intaneti, mwenyewe anabaki.

Kuna waliojaribu. Petna Ndaliko Katondolo na Yole!Africa walianzisha Goma, katikati ya miaka ya 2000, festivali iliyoitwa Salaam Kivu, ambayo baadaye ikawa Congo International Film Festival. Mji ulikuwa bado unatembea juu ya lava ya Nyiragongo ya Januari 2002. Filamu zilionyeshwa usiku hewani, vijana walijifunza kushika kamera, na mashindano ya kucheza ngoma yaliwaleta wale ambao wasingekuja kwa ajili ya filamu peke yake. Ilikuwa akili nzuri. Lubumbashi nayo ina Picha, iliyoanzishwa na Sammy Baloji na wenzake mwaka wa 2008, na maonyesho yake yamezoea kutoka nje ya kumbi kuingia mitaani.

Lakini tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, uwanja wa ndege ulifungwa na mabanki pia, na Bukavu ilifuata Februari. Kuwakusanya vijana mia tano usiku mbele ya shuka jeupe si jambo la programu tu tena. Ni jambo la njia ya kurudi nyumbani.

Lubumbashi haina kisingizio hicho. Kolwezi vilevile, ambako malori ya kobalti yanapita mchana na usiku. Ukumbi wa shule, projekta moja, jenereta ya akiba, na programu ya saa moja na nusu: Voiture en carton, Machini, Nuit debout, Zombies. Ukijumlisha dakika zake zote, muda unabaki wa kuuliza maswali.